Kliniki ya Kifafa ya Mahenge na huduma kwa mtoto mwenye kifafa

Tunapozungumza parokiani juu ya watoto wenye ulemavu, mawazo yetu hukimbilia kiti cha magurudumu, magongo, au mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake hadi mlangoni mwa kanisa. Mtoto mwenye kifafa husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa siku nyingi haonekani kuwa na shida yoyote. Anachota maji, anachunga mbuzi, anaimba kwenye kwaya ya Utoto Mtakatifu. Siku moja anaanguka mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo maisha yake yanabadilika zaidi kwa sababu ya yale watu wanayoyafikiri kuliko kwa sababu ya ugonjwa wenyewe.

Makala hii inaeleza huduma moja iliyoanzishwa katika mkoa wetu wa Morogoro kwa ajili ya watoto na vijana wa namna hiyo, yaani Kliniki ya Kifafa ya Mahenge. Inaeleza jinsi ilivyofanya kazi, nini kilitokea dawa zilipokatika, na mambo ambayo familia, makatekista na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wanapaswa kuyajua leo.

Waamini wa Malolo, kule kusini-magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, na wale wa Mikumi na vitongoji vyake, wanaweza kuuliza Mahenge inawahusu nini, kwani ni safari ndefu kupita Kidatu na Ifakara, kisha kuvuka Mto Kilombero na kupanda mlima. Inawahusu kwa sababu ya ugonjwa. Kilosa, kama Mahenge, imo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yaliyopewa mpango wa kugawa dawa za kingatiba dhidi ya usubi, ugonjwa ambao, kama tutakavyoona, una uhusiano wa karibu na kifafa cha watoto. Inawahusu pia kwa sababu ya undugu wa Kanisa, kwa kuwa Jimbo Katoliki la Ifakara lilimegwa kutoka Jimbo la Mahenge mwaka 2012, na historia ya huduma za afya za Kanisa katika bonde la Kilombero na milima ya Mahenge ni historia moja.

Mwanzo wa kliniki

Misheni ya Kwiro, Mahenge, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi hiyo ilichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, na chini yao huduma za afya zilikua, hasa Ifakara, ilipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1957 Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Basel, ikiongozwa na Profesa Rudolf Geigy, ilifungua maabara yake Ifakara. Kwa njia ya taasisi hiyo daktari kijana wa Kinorwe, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Jilek-Aall, alifika Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu walimwita Mama Daktari.

Hakuja kwa ajili ya kifafa. Alikuja kujifunza na kutibu magonjwa ya nchi za joto. Lakini alipokuwa akizunguka katika vijiji vya Wapogoro aliona jambo ambalo hakulitarajia: watu wengi wenye makovu makubwa ya moto usoni, mikononi na miguuni, wengi wao wakiwa vijana, na karibu wote wakikaa mbali kidogo na wenzao. Alipouliza, alipewa jibu la neno moja, kifafa. Wengi hulisikia ndani ya neno hilo kitenzi kufa, na kwa kweli aliyepatwa nacho alihesabiwa kuwa amekwisha kufa kwa sehemu.

Makovu yalikuwa na maelezo yake. Watu waliamini kwamba ugonjwa huo unaambukiza, hasa kwa mate na povu linalotoka mdomoni wakati wa kuanguka, na hata kwa mkojo. Basi mtoto aliyeanguka motoni hakuvutwa. Waliokuwapo walirudi nyuma wakamwacha mpaka atulie. Mtoto kama huyo alikuwa na bakuli lake, alilala mahali pake, hakula na ndugu zake kutoka chungu kimoja. Si kwamba wazazi hawakumpenda. Mama aliyekuwa na watoto wengine watano alijiona anawalinda hao watano. Inafaa kulisema hili wazi, kwa sababu hukumu ya haraka juu ya wazazi ni mojawapo ya mambo yanayowafanya wamfiche mtoto hata leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya wagonjwa wa nje huko Mahenge. Wagonjwa walifika kwa siku maalumu, wakapewa dawa za kuwatosha hadi siku ya kurudi, wakaandikwa katika daftari, wakaulizwa wameanguka mara ngapi. Dawa kuu ilikuwa fenobabitali, kidonge kidogo cha bei ndogo ambacho kimetumika kutibu kifafa duniani tangu mwaka 1912. Kliniki haikuwa na jengo kubwa, mashine wala vitanda. Nguvu yake yote ilikuwa katika daftari na katika uhakika kwamba mgonjwa akija atakikuta kidonge. Daktari alipoondoka kwenda Kanada katika miaka hiyo hiyo ya 1960, uuguzi wa kliniki uliendelea bila yeye.

Miaka 10 yenye dawa, na miaka iliyofuata

Matokeo ya kazi hiyo yanajulikana vizuri kuliko ya huduma nyingi za hisani, kwa kuwa Dkt. Jilek-Aall alirudi baadaye kuwatafuta wagonjwa wake, na mwaka 1992 yeye pamoja na Dkt. H. T. Rwiza, mtaalamu wa Kitanzania wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, walichapisha taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30.

Katika miaka 10 ya kwanza, wakati dawa zilipopatikana na wagonjwa wakiangaliwa na daktari au muuguzi, asilimia 52.4 yao waliacha kuanguka kabisa. Asilimia 36 walianguka mara chache kuliko zamani. Ni wachache tu ambao hawakupata nafuu. Fikirini maana yake katika kijiji. Katika kila wagonjwa 10 ambao watu walikuwa wamewakatia tamaa, karibu 9 walipata nafuu kwa kidonge kilichopatikana kwa bei ndogo. Msichana aliyekuwa akila peke yake alirudishwa kwenye chungu cha familia, kwa sababu hakuna hoja inayoshinda miezi 12 bila kuanguka.

Kisha utoaji wa dawa wa uhakika ukakatika. Watafiti walipofanya hesabu baada ya miaka 30, wagonjwa 110 kati ya wale 164, yaani asilimia 67.1, walikuwa wamefariki. Waliokutwa hai walikuwa 36. Wengine hawakupatikana. Zaidi ya nusu ya vifo ambavyo sababu yake ilijulikana vilitokana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kuzinduka, kufa maji, kuungua moto.

Mwandishi wa makala hii anaona kwamba takwimu hizo mbili, ile ya miaka 10 na ile ya miaka 30, ni fundisho kubwa kuliko lolote ambalo kliniki hiyo imetuachia. Sisi waamini ni wepesi wa kutoa kwa tukio: Kwaresima tunakusanya, Noeli tunapeleka sabuni, sukari na nguo kituoni, tunapiga picha. Mtoto mwenye kifafa hahitaji tukio. Anahitaji kidonge cha jioni, kila jioni, pamoja na jioni za masika barabara inapokatika, na jioni za kiangazi baba anapokuwa hana fedha mpaka vitunguu viuzwe. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla inaweza kuleta hali mbaya kuliko ile ya mtoto ambaye hakuwahi kuanza. Kwa hiyo anayeanzisha huduma ya namna hii bila kujua atakayeiendeleza baada ya miaka mitatu anapaswa kufikiri sana kabla ya kuanza.

Kwa nini kifafa ni kingi katika maeneo haya

Kifafa kipo duniani kote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na wengi wao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hata hivyo Mahenge ina kifafa kuliko kawaida. Uchunguzi wa Dkt. Rwiza na wenzake katika Wilaya ya Ulanga, uliohusisha watu zaidi ya 18,000 na kuchapishwa mwaka 1992, ulikuta wagonjwa 10.2 kwa kila watu 1,000. Uchunguzi mwingine, uliofanywa mwaka 2017 na 2018 katika vijiji vinne vya Mahenge na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzao wa Ubelgiji, ulikuta asilimia 2.5 ya watu wote, na zaidi ya hapo katika vijiji vya ndani vya Mzelezi na Sali.

Dkt. Jilek-Aall alikuwa ameandika tangu miaka ya 1960 juu ya watoto ambao, kabla ya kuanza kuanguka, hutikisa kichwa mbele na nyuma kama wanaosinzia, hasa wakipewa chakula. Wenyeji husema mtoto amesinzia kichwa. Kwa miaka mingi maelezo hayo yalibaki katika majarida ya wataalamu bila kuzingatiwa na wengi. Miaka ya 2000 watoto wa namna hiyo hiyo walianza kuhesabiwa kwa mamia kaskazini mwa Uganda, huko Kitgum na Pader, na pia Sudan Kusini, na ndipo ulimwengu ukarudi kusoma maandiko ya Mahenge.

Maeneo hayo yote yana jambo moja la pamoja. Yana mito iendayo kasi, na katika mito hiyo huzaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na kuharibu macho. Namna minyoo hiyo inavyoleta kifafa bado inachunguzwa, lakini uhusiano wenyewe umeonekana mahali pengi: mtoto aliyeambukizwa sana akiwa mdogo yumo hatarini zaidi. Kinga yake ipo. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck hutoa bure dawa iitwayo Mectizan, yaani ivamektini, na Mahenge imekuwa ikiipata kwa njia ya wagawa dawa wa vijijini tangu mwaka 1997. Uchunguzi wa 2017 ulionyesha kwamba baada ya miaka 20 ya ugawaji huo bado watoto walikuwa wakiambukizwa, kwa sababu watu wengi hawakumeza. Kuanzia mwaka 2019 dawa ilianza kutolewa mara mbili kwa mwaka, na ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha wagonjwa wapya wakipungua.

Kwa hiyo mgawa dawa anapopita nyumba kwa nyumba na fimbo yake ya kupimia urefu, asikimbiwe. Maneno kwamba dawa hiyo inaondoa uzazi hayana ukweli wowote. Katekista anayeliambia hilo taifa la Mungu baada ya matangazo ya Jumapili anawakinga watoto kwa vitendo.

Usubi si sababu pekee. Wako watoto wanaopata kifafa kwa sababu walichelewa kulia walipozaliwa, wengine kwa malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa. Iko pia minyoo ya nguruwe inayoingia kwenye ubongo mahali ambapo nguruwe wanazurura na vyoo havitoshi. Tusichanganye kifafa na degedege, ile hali ya mtoto mdogo kutukutika akiwa na homa kali. Degedege ni dalili ya hatari, mara nyingi ya malaria, na mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Imani ya zamani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa imewazika watoto wengi. Kadhalika kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine kabisa, unaompata mama mjamzito mwenye shinikizo kubwa la damu, nao hauna uhusiano na kifafa tunachokizungumzia hapa zaidi ya jina.

Injili ya kijana aliyeanguka motoni na majini

Waamini wengi hujifunza juu ya kifafa kutoka Injili kabla ya kujifunza kutoka hospitali. Marko 9:14-29 inasimulia habari za baba aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu, wakashindwa kumponya. Dalili zinazotajwa, yaani povu, kukakamaa, kuanguka motoni na majini tangu utotoni, anazijua kila mama wa Mahenge. Mathayo anaposimulia habari hiyo hiyo katika sura ya 17, tafsiri za Kiswahili zinatumia neno kifafa lenyewe. Na kwa kuwa Injili inasema juu ya pepo, wako wanaohitimisha kwamba kila anayeanguka ana pepo. Hapo ndipo mtoto anapoanza kuzungushwa kutoka mkesha mmoja wa maombezi hadi mwingine, na pengine mzazi anaambiwa aache dawa ili aonyeshe imani.

Usomaji huo hauna msingi. Mathayo mwenyewe, katika 4:24, anapotaja wagonjwa walioletwa kwa Yesu anawataja wenye pepo mahali pao na wenye kifafa mahali pao, kama makundi mawili. Mafundisho ya Kanisa yako wazi vilevile. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inafundisha kwamba kabla ya ibada ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa tatizo si ugonjwa, na kwamba kutibu maradhi ni kazi ya elimu ya tiba. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza mtu yeyote kuwapunga waliopagawa bila idhini maalumu ya Askofu mahalia. Anayemwekea mtoto mikono na kumwamuru aache fenobabitali hafanyi kwa jina la Kanisa.

Liko jambo jingine katika simulizi ya Marko ambalo mahubiri hulipita haraka. Kijana alipolala kimya baada ya kutukutika, watu wengi waliokuwapo walisema amekufa. Yesu akamshika mkono, akamwinua. Wakati ule ule ambao kwa desturi ya vijiji vyetu hakuna anayemgusa, Bwana alimgusa.

Kanisa nalo limekua katika ufahamu huu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 984, uliwahesabu wenye kifafa pamoja na wenye wazimu na waliopagawa miongoni mwa wasioweza kupewa Daraja Takatifu. Mkusanyo wa mwaka 1983 umeliondoa neno kifafa katika vizuizi hivyo. Kwa waamini walei hakujawahi kuwa na shaka: mtoto mwenye kifafa hubatizwa, hupokea Komunyo ya Kwanza na Kipaimara kama wenzake, na akikua hufunga ndoa. Kanuni ya 843 haimruhusu mhudumu kuwanyima Sakramenti wanaoziomba kwa namna inayofaa, walio tayari, na wasiozuiwa na sheria. Hofu kwamba ataanguka altareni si sababu. Akae karibu na mzazi wake, na Misa iendelee.

Mtoto anapoanguka

Mambo yafuatayo yanapaswa kujulikana na kila mzee wa kanisa, mwalimu wa dini na kiongozi wa WAWATA, kwa kuwa mara nyingi mtoto huanguka mahali penye watu wengi na jua kali.

Mwondoe penye moto, maji au mawe. Mgeuze alale ubavu ili mate yatoke na asipaliwe. Weka kanga au kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimkandamize kwa nguvu, wala usimtie kijiko, kidole au kijiti mdomoni, kwani ulimi haumezwi na meno huvunjika. Usimpe maji wala chakula mpaka azinduke kabisa. Kumnusisha kiatu, kiberiti au kitunguu hakusaidii chochote, na hili tunawaambia hasa ndugu zetu wa Malolo ambako vitunguu havikosekani. Mate yake hayaambukizi. Angalia saa. Kutukutika kwa kawaida huisha kwenyewe katika dakika chache. Kukizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, huo ni wakati wa kumkimbiza hospitali bila kungoja.

Baada ya hapo hulala au huduwaa, na watoto wengi hujikojolea. Mfunike. Aibu ya dakika hizo ndiyo inayowafanya wengi waache shule, kuliko ugonjwa wenyewe.

Matibabu na ufuatiliaji

Mtoto aliyeanguka zaidi ya mara moja bila homa apelekwe zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali. Kwa watu wa Malolo na Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, ndiyo hospitali ya Kanisa iliyo karibu. Ziko pia Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Katika hospitali nyingi za nchi yetu kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Jina hilo lisimtishe mzazi, maana halimaanishi kwamba mtoto wake ana wazimu.

Mzazi aende na maelezo: mtoto alianza kuanguka lini, mara ngapi kwa mwezi, usiku au mchana, alianza kwa mkono upi, ilichukua muda gani. Maelezo ya aliyeshuhudia ni bora kuliko kipimo chochote kinachopatikana wilayani. Ikiwa yupo jirani mwenye simu inayopiga picha za video, picha ya tukio moja humsaidia sana mganga. Fenobabitali huweza kumfanya mtoto asinzie wiki za kwanza, na watoto wengine huwa watundu kupita kiasi. Hayo yaelezwe kwa mganga, ambaye anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Wasichana wanaokaribia umri wa kuzaa waulize hasa kuhusu valproeti, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dawa haiachwi kwa sababu mtoto amekaa miezi sita bila kuanguka. Kwa kawaida mganga hufikiria kuipunguza baada ya miaka miwili au zaidi bila tukio lolote, tena polepole.

Nyumbani, jiko la mafiga matatu ndilo adui mkubwa. Kuliinua kidogo kwa udongo au kuzungushia kinga huokoa uso na mikono ya mtoto. Asiende mtoni wala mferejini peke yake, asipande mwembe, alale chini au kwenye kitanda kifupi. Zaidi ya hayo aachwe afanye kazi na kucheza. Mtoto aliyefungiwa ndani kwa ajili ya usalama wake amepata ulemavu wa pili.

Shule haina haki ya kumrudisha nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya afya au ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya elimu. Mara nyingi mwalimu anamrudisha kwa sababu tu anaogopa na hajaambiwa la kufanya. Barua fupi ya mganga, pamoja na mzazi au katekista kwenda kuonyesha jinsi ya kumlaza ubavu, vimewarudisha darasani wengi ambao sheria peke yake isingewarudisha.

Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kufanya kazi ile ile iliyofanywa na daftari la Mahenge. Mtu mmoja, aliyechaguliwa na familia yenyewe na anayejua kutunza siri, anaandika tarehe ya kurudi kliniki na idadi ya vidonge vilivyobaki. Vikibaki vya wiki mbili, anauliza nauli iko wapi. Ikiwa haipo, jumuiya inachanga nauli ya mtu mmoja, au inamtuma anayekwenda Mikumi kwa shughuli zake achukue dawa akiwa na kadi ya mtoto, baada ya kukubaliana na mganga. Watoto watatu au wanne wa kigango kimoja wanaweza kupangiwa siku moja ya kliniki ili gari moja liwatoshe. Masika ikikaribia, waombewe dawa za miezi miwili badala ya mmoja.